Mtoto wa Uzinduzi

Hakuna nchi chini ya jua inayopenda watoto kama Sitirini, na anayebisha aende akasome mabango. Ukiingia mji wowote wa nchi hiyo utapokelewa na bango la mtoto anayecheka. Ukitoka utasindikizwa na bango la mtoto anayecheka zaidi. Katikati, pale magari yanapopunguza mwendo kwa sababu ya mashimo, utawakuta watoto wenyewe wakiuza karanga na mayai ya kuchemsha. Hao hawacheki sana, maana wako kazini.

Mtu aliyeajiriwa kuwalinda watoto wote wa wilaya ya Mwangazo, katika nchi hiyo, aliitwa Nakijwa. Serikali ilitambua uzito wa kazi yake ikampa ofisi ndani ya ghala la mbolea ya ruzuku, katikati ya magunia, ili apate kivuli. Pikipiki aliahidiwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwepesi wa hatua, asiyejua kukaa. Hata alipokaa, goti lake moja lilichezacheza kana kwamba linasikia ngoma ambayo mwili uliobaki haujaalikwa. Marehemu mumewe alizoea kumwambia, "Wewe utazikwa umesimama." Wenziwe kazini walimshauri ajifunze kutulia, kwa kuwa katika Sitirini mtumishi anayetulia hupanda cheo, na anayehangaika huulizwa anatafuta nini.

Asubuhi moja alikuwa akipangusa mbolea kwenye kiti chake, akaingia Mama Tabia, muuza vitumbua wa pale kituo cha polisi, ungo kichwani.

"Bi Nakijwa, kuna mtoto wamemweka ndani," alisema bila hata salamu. "Yule binti wa kwa Mkuu wa Wilaya. Wanasema amekula kaulimbiu."

"Amekula nini?"

"Kaulimbiu, mama. Ndivyo nilivyosikia."

Nakijwa alikuwa amekwisha fika mlangoni kabla ungo haujateremshwa.

*

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wilaya iliadhimisha Siku ya Mtoto nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Bakilana, na watu wazima wa kila idara walialikwa. Iliokwa keki pana kama mlango, ikaandikwa juu yake kwa sukari ya rangi: MTOTO KWANZA. Ilipofunuliwa mbele ya wageni, ikaonekana kwamba mtoto amekwisha kula kwanza. Neno la pili halikuwapo. Lilibaki MTOTO peke yake, na alama za vidole.

Jikoni palikuwa na binti aliyeitwa Sikujua, ambaye meno ya utotoni yalikuwa hayajamwisha kinywani. Sheria ya Sitirini inakataza kabisa kumwajiri mtoto kazi za nyumbani. Kwa hiyo Sikujua hakuwa ameajiriwa, wala hakulipwa. Alikuwa mgeni wa muda mrefu anayeosha vyombo. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito: alikuwa na njaa. Akakamatwa kwa kosa la kuharibu kaulimbiu ya taifa.

Kituoni Nakijwa alipokewa na mkuu wa kituo, Afande Kihwelo, mtu mpole mwenye tumbo la heshima, aliyekuwa na hamu kubwa ya kumwonyesha chumba kipya. Kilikuwa mahabusu ileile ya siku zote, ila sasa mlangoni paliandikwa CHUMBA RAFIKI. Ukutani walichora sungura, jua lenye macho na twiga. Twiga alizidi urefu wa ukuta, basi mchoraji akaipitisha shingo yake kati ya nondo za dirisha, ikaonekana kama mnyama anajaribu kutoroka.

"Wafadhili walilia walipokiona," alisema Afande.

Sikujua alikuwa amekaa chini ya twiga, magoti kifuani. Hakuinua macho.

"Huyu ana tatizo moja," Afande alinong'ona. "Hatoi ushirikiano. Tulimwuliza jina lake, akasema hakujua. Mtoto mkubwa hivi! Tumeandika: mkaidi."

"Jina lake ndilo hilo, Afande. Anaitwa Sikujua."

Afande akafikiri sana. "Basi na sisi hatukujua," akasema, akacheka kwa moyo safi. Neno mkaidi halikufutwa, maana wino wa serikali haufutiki.

Nakijwa akachuchumaa mbele ya binti. "Mwanangu, mimi naitwa Nakijwa. Nimekuja kukuona. Umekula?"

"Shikamoo. Sikula, mama," Sikujua alijibu upesi. "Naapa. Sikula hata kidogo."

"Nauliza leo. Leo umekula chakula?"

Binti akamtazama kwa mara ya kwanza, akatafuta mtego uko wapi. "Leo pia sijala," akasema.

Nakijwa akaagiza vitumbua kwa Mama Tabia. Binti alipokuwa akila, yeye alikipima chumba kwa miguu, kutoka sungura hadi jua, kutoka jua hadi sungura.

"Afande, mpeleke mtoto huyu mahakamani leo. Hakimu akimwona tu, atamwachia."

"Atamwachia! Hata mimi najua atamwachia," alisema Afande. "Lakini mahakama ya kawaida ni marufuku. Inamtisha mtoto. Huyu anatakiwa apelekwe Mahakama Tabasamu."

"Iko wapi?"

"Ile pale, nyuma ya halmashauri. Imekwisha jengwa, ila haijazinduliwa."

"Itazinduliwa lini?"

"Waziri akirudi. Yuko ng'ambo anapokea tuzo."

"Tuzo ya nini?"

Afande alimwonea huruma kwa kutofuatilia habari. "Ya kuanzisha Mahakama Tabasamu," akasema.

*

Programu iliyoijenga mahakama hiyo iliitwa Haki Tabasamu, na mratibu wake alikuwa kijana nadhifu aitwaye Pendaeli. Nakijwa alimkuta hotelini, kwenye warsha ya Ushirikishwaji wa Mtoto. Mlangoni alisimama mlinzi, akiwafukuza watoto waliokuwa wakichungulia sambusa.

"Bi Nakijwa, karibu sana! Tuko kwenye kazi za vikundi."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto aliyeko kituoni."

Uso wa Pendaeli ukang'aa. "Sikujua! Mtoto mzuri mno yule. Mama, tulikuwa tumekata tamaa. Jengo limekamilika, viti vimefika, kwaya imekwisha shonewa sare, mtoto hatuna. Wilaya nzima hakuna mtoto mwenye kesi! Nikasema hii ni aibu, wafadhili tutawaambia nini? Mara, keki. Kweli Mungu si Athumani."

"Mkuu wa Wilaya akisamehe leo, hakuna kesi tena. Kwa nini mtoto akae ndani?"

"Akisamehe leo, tutazindua na nani?" Pendaeli alimshika mkono kwa upole, kama anayemfariji mfiwa. "Kuzindua mahakama ya watoto bila mtoto ni sawa na harusi bila bibi harusi. Ataachiwa, mama, usiwe na wasiwasi. Ataachiwa mbele ya kamera, nchi nzima ikiona. Tunamweka ndani kidogo ili aachiwe vizuri."

"Na mama yake je? Ametoka Kwemtindi huko milimani, anashinda nje ya uzio wa kituo, hawamruhusu kumwona mwanawe."

"Hilo ni kwa ulinzi wa mtoto. Mwongozo wetu unasema mtoto asikutanishwe na mtu anayeweza kumliza."

Nakijwa hakungoja chai. Alikatiza mji mzima kwa miguu hadi kwa Mkuu wa Wilaya, akamkuta Mheshimiwa Bakilana sebuleni, amesimama mbele ya kioo, mikono ameinyoosha.

"Nimekusamehe!" Mheshimiwa alikiambia kioo. Akarudi hatua nyuma, akashusha sauti. "Mwanangu... nimekusamehe. Ipi inafaa, Bi Nakijwa?"

"Ya leo, Mheshimiwa. Msamehe leo."

"Msamaha wa leo ataona nani?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mimi moyoni nilikwisha samehe siku ileile. Lakini moyoni hakuna kamera."

Mezani alikuwa amekaa binti yake, Vanesa, rika moja na Sikujua, wali umempoa mbele yake. "Baba," alisema, "Sikujua anarudi lini? Mimi nataka kusema kitu."

"Wakubwa wakizungumza, watoto wanakula," alisema baba yake, na akamgeukia mgeni kwa fahari. "Unaona? Malezi."

*

Waziri alichelewa, kwa sababu huko ng'ambo walimwongezea tuzo ya pili kwa kuipokea vizuri ile ya kwanza. Kwa hiyo Pendaeli akapata nafasi ya kumfanyisha Sikujua mazoezi. Alileta mtaalamu wa tabasamu kutoka makao makuu. Kila asubuhi binti alifundishwa kuingia kichwa chini, kulia kidogo akisomewa shitaka, kisha kucheka akiachiwa. Asilie sana, wageni wasije wakahuzunika. Asicheke sana, wasije wakadhani hakutubu.

Sikujua alijitahidi. Lakini machozi yalimjia pale pa kucheka, na pale pa kulia alibaki amekauka macho kama mtu anayesubiri kupigwa. Mtaalamu akasema mtoto hana kipaji.

Nakijwa alikuwa hatulii. Akimaliza kupeleka chakula kituoni, alikwenda kwa mama yake binti penye uzio. Akitoka hapo, alikwenda kumgongea Hakimu Shekiondo, mzee aliyekwisha hukumu wezi wa ng'ombe na wezi wa kura bila kupepesa jicho.

"Bi Nakijwa," mzee alimwambia, "lete kesi mbele yangu, nitaimaliza chai haijapoa. Lakini kesi haiji. Na mimi mwenyewe wamenipeleka mafunzo ya kutabasamu. Tazama." Akatabasamu. Ilikuwa kazi ngumu, na Nakijwa alimwomba aache.

Kisha ikaja alasiri moja, Sikujua amelalia goti la Nakijwa chini ya twiga, mwili una joto la homa.

"Mama," aliuliza, "nikikosea kulia, watanirudisha humu?"

"Hapana, mwanangu."

"Na nikipatia?"

Nakijwa akamlaza taratibu, akainuka. Alimwendea Pendaeli papo hapo, akamwuliza swali lilelile.

"Umejuaje?" Pendaeli alifurahi. "Tulitaka iwe habari ya kushtukiza! Wilaya jirani nazo zinajenga mahakama zao, nazo watoto hazina. Na huyu wetu amekwisha fundishwa, mama, kuanza na mwingine ni kazi. Tutamzungusha."

"Kumzungusha vipi? Akiachiwa huku, huko atakwenda kwa kosa gani?"

"Lilelile. Atashitakiwa upya, ataachiwa upya. Hebu fikiria, hakuna mtoto duniani atakayekuwa ameachiwa huru mara nyingi kama yeye!"

Jua lilikuwa bado kali. Nakijwa aliuzunguka mji ule mpaka nyayo zikamwaka moto: akapita sokoni, akapita msikitini, akapita kanisani, akarudi sokoni. Alijua kumtorosha mtuhumiwa ni jela. Alijua pia kwamba jela ya watu wazima haijachorwa twiga. Mwishowe miguu ikamfikisha penye uzio wa kituo, alipokaa mama yake Sikujua juu ya jiwe, kanga imemfifia kwa vumbi.

"Mama Sikujua," alisema, "siku ya uzinduzi usije mbele ya jengo. Kaa kule nyuma, penye matangi ya maji. Na usilie, tafadhali. Utalia ukifika Kwemtindi."

*

Siku ilifika, na Waziri naye. Kwaya iliimba, kamera zikawashwa, na kwa mara ya kwanza wananchi wakaiona Mahakama Tabasamu kwa ndani. Kila kitu kilikuwa kidogo, kisije kikamtisha mtoto. Meza ya hakimu iliishia magotini. Viti vyote vilikuwa vya chekechea. Waziri, mtu wa kimo na kilo, alipokaa, magoti yalimfika masikioni, ikabidi awapungie watu mkono kwa kuupitisha katikati yake. Askari walivishwa masikio ya sungura. Hakimu Shekiondo hakuruhusiwa joho. Alivishwa fulana yenye picha ya bata, na alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mkwewe.

Waziri akainuka kuhutubia, wasaidizi wakamchomoa kwenye kiti.

"Ndugu wananchi! Mtoto ni nani? Mtoto ni mtu mzima ambaye bado! Serikali yenu imemtafuta mtoto huyu mchana na usiku, na leo nina furaha kuwatangazia kwamba tumemkamata! Zamani mtoto alifungwa akilia. Sasa basi! Chini ya uongozi wangu, mtoto atafungwa akicheka!"

Makofi. Pendaeli akamnong'oneza kitu.

"Ataachiwa akicheka!" Waziri alirekebisha, na makofi yakawa makubwa zaidi, kwa kuwa sasa watu walikuwa wamepata mambo mawili.

Nakijwa alikuwa kiti cha nyuma, amemshika Sikujua mkono. Mkono ulikuwa wa moto. Hotuba ilipofika kwenye mafanikio ya wizara, akamwinamia askari mwenye masikio ya sungura.

"Mtoto anataka kujisaidia."

Askari alitafakari. "Hiyo imo katika haki za mtoto?"

"Ni ya msingi."

"Nendeni."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa penye matangi. Hakulia, alimfunika mwanawe kanga kichwa na mwili, akamkumbatia hivyo, kama anayeficha kitu alichookota. Lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu milimani liliunguruma barabarani, Mama Tabia ameketi mbele karibu na dereva, akimzuia kwa vitumbua asiondoke.

"Lakini bado sijasamehewa," Sikujua alisema ndani ya kanga.

"Hukukosa kitu, mwanangu. Nenda," alisema Nakijwa.

Alitamani kupanda pia. Miguu yote miwili ilitaka. Lakini akifahamu kwamba viti viwili vitupu vitatafutwa upesi kuliko kimoja, alirudi ndani, akamwambia askari kwamba mtoto bado anajisaidia, akakaa.

Hotuba ikaisha. "Mshitakiwa asimame!" aliita karani.

Hakusimama mtu.

"Mshitakiwa asimame!"

Watu wakageuza shingo. Pendaeli alitazama kiti kilichokuwa kitupu, akageuka rangi ya majivu. Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja, nchi nzima inangoja mtoto. Nakijwa aliyafumba macho akasubiri jina lake litajwe.

Halikutajwa. Pendaeli alikuwa amemwona Vanesa, binti wa Mkuu wa Wilaya, kando ya jukwaa, ameshika shada la maua ya plastiki la kumpa Waziri. Mtoto ni mtoto. Akamshika mabega, akamsimamisha kizimbani. Mheshimiwa Bakilana alikurupuka kupinga, lakini kiti cha chekechea kilikwisha mnasa makalioni, kikainuka naye. Akaketi tena kwa aibu.

"Mtoto," alisema Hakimu Shekiondo, "unashitakiwa kwamba ulikula neno KWANZA, mali ya kaulimbiu ya taifa. Ni kweli au si kweli?"

"Sema kweli, halafu ulie," Pendaeli alimnong'oneza.

Vanesa hakuhitaji kuambiwa.

"Ni kweli," alisema, na sauti yake ilikwenda mpaka nje ya madirisha. "Nilikula mimi. Nilikula wageni hawajaja. Nilimwambia Baba, Baba akasema ninyamaze, watasema ni Sikujua. Sikujua hakula. Nilimpa akakataa, akasema atapigwa." Kisha akalia, maua yakamwanguka.

"Ajabu!" mtaalamu wa tabasamu alisema kule nyuma. "Hiyo haifundishiki!"

Kila mtu alimtazama Waziri ili ajue amesikia nini. Waziri alifuta jicho. "Mmemfundisha vizuri mno huyu mtoto," alisema. "Amelia penyewe." Akaanza kupiga makofi. Basi wote wakasimama, wengine na viti vyao, wakapiga makofi kwa ungamo la binti, na waliosikia vizuri ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Hakimu Shekiondo peke yake hakupiga. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila tabasamu hata bata wa kwenye fulana alionekana mkali.

"Mzazi wa mtoto huyu yupo?"

Mheshimiwa Bakilana akasimama, na kiti.

"Keti. Mlalamikaji yupo?"

Mheshimiwa Bakilana akasimama tena.

"Mlalamikaji anasema nini kuhusu mtoto aliyekula keki hii?"

Mheshimiwa alinyoosha mikono kama alivyojizoeza. "Nime..." alisema. "Nime..."

"Amesamehe," alisema Hakimu. "Mtoto ameachiwa. Huyu na yule mwingine. Mzazi abaki, nina maneno naye."

Maneno yenyewe taifa halikuyasikia, kwa sababu kwaya ilikonyezwa ikaanza kuimba. Lakini waliokuwa karibu wanasema Mkuu wa Wilaya aliyasikiliza akiwa amesimama, kiti kikimning'inia nyuma kama mkia, na kwamba wimbo ulikuwa mrefu na bado maneno yaliuzidi.

*

Kesho yake Nakijwa aliitwa mbele ya Kamati ya Ulinzi na Usalama. Alikuwa amefunga nguo katika mkoba, tayari kwa jela.

"Umemtorosha mshitakiwa!" alifoka Mkuu wa Wilaya, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Pendaeli akakohoa. "Mheshimiwa, samahani. Mshitakiwa alikuwapo. Nchi nzima ilimwona akisomewa, akikiri, akiachiwa. Wafadhili wameomba video. Tukisema mshitakiwa alitoroka, watatuuliza aliyekiri ni mtoto wa nani."

Mheshimiwa Bakilana alitazama dari, ukuta, viatu vyake.

"Mshitakiwa alikuwapo," akasema hatimaye. "Na yule mwingine hakuwahi kuwapo. Kihwelo! Kule Chumba Rafiki ulikuwa unamlinda nani siku zote hizo?"

"Sikujua, Mheshimiwa," alijibu Afande, kwa uaminifu mtupu.

"Vizuri sana. Endelea kutojua."

Hivyo Nakijwa hakufungwa, kwa kuwa hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kumtorosha mtoto asiyekuwapo. Alipewa onyo la kuwa na miguu myepesi. Mkuu wa Wilaya alipandishwa cheo, akasifiwa kuwa mzazi wa kwanza katika historia kumpandisha mwanawe kizimbani kwa faida ya taifa.

Ruhusa yake ya kwanza Nakijwa alikwenda Kwemtindi. Mvua ilimnyeshea njia nzima ya mlimani, akafika viatu vimejaa maji. Sikujua alikuwa uani akipepeta mahindi. Alipomwona mgeni, aliutupa ungo akakimbilia kwenye mibuni.

"We mtoto!" mama yake aliona haya. "Njoo umsalimie aliyekuokoa!"

"Mwache, dada," alisema Nakijwa. Alivua viatu, akakaa juu ya kinu kilicholazwa chini, akangoja. Kungoja kulimuuma kuliko kutembea. Kuku walikula mahindi yaliyomwagika. Hatimaye mibuni ikasema:

"Umekuja kunichukua?"

"Hapana. Nimekuja kukusalimia."

Mibuni ikafikiri. "Basi nisalimie ukiwa hapohapo."

"Hujambo, Sikujua?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Homa imepona?"

"Imepona."

Hakutoka, na Nakijwa hakumwomba atoke. Mama yake aliingia jikoni kusonga ugali wa mgeni. Moshi ulianza kupanda kwenye paa la nyasi, na hapo ndipo simu ya Nakijwa ilipolia, maana mlimani mtandao unapatikana.

Sauti ilikuwa ya mkuu wa kituo wa wilaya ya mbali, sauti changamfu. "Bi Nakijwa? Hongera sana kwa uzinduzi! Waziri ameagiza kila wilaya ifungue Mahakama Tabasamu yake kabla ya mwaka kuisha, na kila moja iwe na mtoto wake. Tumeambiwa mzoefu ni wewe."

Nakijwa alisimama. "Nyinyi mtoto mnaye?"

"Tunaye, mama! Tumempata leo asubuhi, kisimani."

"Amefanya kosa gani?"

"Kosa bado tunalitafuta," ilisema sauti. "Lakini mtoto tunaye."

Mama yake Sikujua alipotoka jikoni na sahani ya ugali, hakumkuta mtu kwenye kinu. Binti yake alikuwa ametoka mibunini, amesimama ukingoni mwa ua akitazama bondeni. Kule chini, kwenye njia ya utelezi, mgeni wao alikuwa anateremka karibu kukimbia, miguu mitupu, viatu vimemning'inia mkononi.